Mashine Isiyo na H

Mashine yangu ya chapa ilipoteza H mwaka wa mvua nyingi.
Kijiti chake kilikatika katikati ya neno "hasira",
na fundi wa Kamalondo akanitajia bei ya mbuzi.
Nikabaki nayo hivyo. Nachapa, naruka nafasi,
halafu H naijaza kwa kalamu ya bluu.

Meza yangu imeegemea ukuta wa parke, Lubumbashi,
kati ya mwuza mikate na kijana wa kadi za simu.
Wanaokuja kuandikiwa huja na neno moja mdomoni:
mwizi.
Neno hilo halina H. Linachapika haraka mno.

Nawauliza: mwizi wa namna gani?
Aliyebeba kuku mchana, mlango ukiwa wazi,
si sawa na aliyeruka ukuta usiku, watu wamelala ndani.
Aliyeshika panga, hata kama hakumkata mtu,
ameshafungua ukurasa mwingine wa kitabu,
na miaka ya huko vidole vya mkono mmoja haviitoshi.
Na yule uliyempa pikipiki akufanyie kazi
akaenda kuiuza Kasumbalesa?
Huyo hakuiba, baba. Amevunja amana.
Jina ni jingine, mlango wa chuma ni ule ule.

Leo amekuja Mama Kalumba kutoka Katuba,
viatu mkononi, unga wa bukari bado kwenye kitenge.
Mwanawe Mwilambwe yuko kasho, siku ya nne.
"Akuiba," anasema. "Andika hivyo: akuiba."
Ndivyo tunavyosema huku, H tunaimeza;
mashine yangu imefuata lugha ya mtaa.

Basi alifanya nini?

Alinunua waya wa shaba, kilo kumi na moja,
saa kumi alfajiri,
kwa mtu asiyemjua jina,
nusu ya bei.
Ganda la waya lilikuwa limechomwa, bado linanuka.

Nikaondoa vidole kwenye mashine.
Kuna kosa la mkono unaochukua, mama,
na kuna kosa la mkono unaopokea.
Hakimu atamwuliza: ulijua?
"Na kama akuuliza inatoka wapi?"
Nusu ya bei humjibu hata asiyeuliza.

Akakaa juu ya ndoo yangu ya maji bila kukaribishwa.
Majirani walimfunga kamba, akasema, kabla polisi hawajafika.
Wakamng'oa meno mawili. Mmoja alikuwa amekwenda kutafuta tairi.
Hilo nalo lina ukurasa wake, nikamwambia.
Hata meno ya mwizi yanalindwa na sheria.
Ukitaka, tutaandika barua mbili.

Akafikiri. Nzi akatembea juu ya karatasi.

"Ule waya ulikatwa mtaa gani?"
Nikasoma karatasi ya mpolisi. Mtaa wake. Nguzo ya tatu.
Usiku wa Ijumaa.
Mama Kalumba anauza samaki wa barafu.
Jumamosi alimwaga kreti nne shimoni,
akalaani kampuni ya umeme, akamlaani mchawi wa jirani,
na jioni Mwilambwe akamletea pesa ya mtaji mpya,
naye akambariki.

"Sasa barua ya tatu," akauliza, "ile ya samaki,
nimshitaki nani?"

Sikuwa na jibu la bei yoyote.
Nilichapa ile ya kwanza:
sikudai kwamba hana kosa; nilichapa
kwamba ana miaka kumi na tisa, hajawahi kushikwa,
amemtaja aliyemwuzia, mama yake yupo na atakuja.
Kisha nikatoa kalamu, nikaanza kujaza mapengo:
hakimu, hatia, hasara, haki.
Yeye hasomi, lakini alifuata kalamu kwa kidole.
"Na hii ya mwisho, chini kabisa?"
Huruma.
"Ikaze. Wino umefifia."

Nikaikaza hadi karatasi ikatoboka kidogo.
Alilipa nusu, nusu nyingine kesho.
Kabla ya kuikunja barua aliinusa,
kama mtu anayepima samaki.